Pua iliyobana ya mbwa na paka: kukata, kupanua kwa puto au kutunza tu?

Mbwa anayekoroma akiwa macho ana shida ya kupumua. Wenye pug na bulldog wengi mjini Kisumu na Nakuru hawakubali hilo upesi, maana wamemsikia akikoroma tangu alipokuwa kitoto, na aliyewauzia aliwahakikishia kwamba "hawa ndivyo walivyo". Ndivyo walivyo kweli. Wafugaji wamewachagua wazazi wenye uso mfupi vizazi na vizazi, fuvu likafupika, lakini nyama za ndani hazikufupika nalo: kaakaa, ulimi na vifupa vya puani vyote vinabanana kwenye chumba kidogo. Kuwa ni kawaida ya ukoo wake hakumwongezei hewa.

Halafu kuna paka ambaye uso wake ni wa kawaida kabisa. Miezi kadhaa baada ya mafua makali anaanza kupumua kwa mkoromo. Kamasi ni kidogo au hamna, homa hana, anakula kwa kusitasita kwa sababu hawezi kutafuna na kuvuta pumzi kwa wakati mmoja. Amepewa antibiotiki za agroveti dozi baada ya dozi.

Ukifumba macho, wanyama hawa wawili wanasikika karibu sawa. Tiba zao hazikaribiani. Wa kwanza huenda akafanyiwa upasuaji hapa hapa Nakuru au Kisumu na akarudi nyumbani siku hiyo; wa pili huenda akahitaji safari. Kwa hiyo kabla hujauliza bei ya chochote, ulizia pamebana wapi.

Mbele, katikati au nyuma

Nyumbani unaweza kujua mengi bila mashine. Weka kijiko cha chuma kwenye friji kwa dakika chache, kifute, kisha ukishike karibu kabisa na pua mnyama akiwa ametulia na mdomo umefumba. Pumzi yake itaacha madoa mawili ya mvuke. Yakiwa mawili na yanalingana, pande zote mbili zinapitisha hewa. Likitokea moja tu, upande mmoja umeziba, na hapo fikiria uvimbe, kitu kilichoingia puani, au jino la juu lililooza hadi kwenye mzizi. Yakiwa mawili lakini hafifu, pamebana pande zote. Paka asiyetaka kijiko mwekee unyuzi wa pamba mbele ya kila tundu na uangalie kama unatikisika.

Kisha tazama matundu yenyewe wakati anavuta pumzi. Kwa mbwa mwenye matundu yaliyobana, utaona ufa mwembamba badala ya tundu, na ukuta wa nje unafyonzwa ndani kila akivuta. Huyo unaweza kusema tatizo lake la kwanza liko mbele, hata kabla ya daktari kumgusa.

Kipimo cha tatu ni mdomo. Mkoromo ukiisha mara tu anapoachama, shida iko puani au nyuma ya pua. Usipoisha, shuka kwenye koo: kaakaa laini lililorefuka kupita kiasi, au zoloto, yaani kisanduku cha sauti. Mlio mkali wa kupiga mluzi, tofauti na mkoromo mzito, kwa kawaida hutoka kwenye zoloto na ni wa kuharakishwa.

Paka anayepumua mdomo wazi bila kuwa amekimbizwa usimfanyie majaribio haya. Mpeleke hospitali, kwa utulivu, ndani ya kikapu chenye hewa, na usimkabe kwa kumbeba mkononi.

Eksrei, CT, kamera, au mpira mwembamba

Uchunguzi wa ndani ya pua karibu wote unahitaji nusukaputi, kwa hiyo ni vyema ukafanywa mara moja na kwa mpango. Mimi naupanga hivi kwa thamani ya kile unachopata, si kwa ukubwa wa mashine.

Cha bei ya chini kuliko vyote ni mpira mwembamba laini unaopitishwa puani kuelekea kooni. Ukipita pande zote mbili na kutokea kooni, njia iko wazi. Ukigota pande zote mbili mahali pamoja, usawa wa nyuma ya kaakaa, kuna utando au kovu hapo. Daktari mwenye subira huongeza kulabu ndogo ile ile ya kufungia uzazi na kioo cha meno: analivuta kaakaa laini mbele kwa kulabu, anaingiza kioo nyuma yake, anamulika kwa tochi. Nyama iliyoota kwa paka mchanga huonekana kwa njia hiyo bila kamera yoyote. Kliniki ya kawaida ya mjini ina vifaa hivyo vyote, na inashangaza jinsi visivyotumika.

Eksrei ya fuvu kwa ubavu huonyesha unene wa kaakaa, uvimbe mkubwa nyuma ya pua, na ya kifua huonyesha kama bomba la hewa lenyewe ni jembamba, jambo la kawaida kwa bulldog. Utando mwembamba itaukosa. Nimekwisha kuona watu wakiambiwa "eksrei iko safi" na wakarudi nyumbani wakiamini pua iko safi.

CT, yaani eksrei ya kompyuta inayopiga picha tabaka kwa tabaka, ndiyo bora kwa sehemu ya katikati: inaonyesha vifupa vya puani vilivyoota vibaya, mfupa ulioliwa na saratani, na masikio ya kati ya paka ambamo nyama za pua huanzia. Kamera ya kupinda, ile inayoingizwa mdomoni na kukunjwa nyuma ya kaakaa itazame mbele, ndiyo bora kwa sehemu ya nyuma, maana inaona utando wenyewe, inakata kipande cha kupimwa maabara, na tiba inaweza kufanywa papo hapo kabla mnyama hajazinduka.

Nikilazimika kuchagua moja kati ya hizo mbili kwa paka aliyeanza kukoroma baada ya mafua, nachukua kamera. Kwa mbwa mzee anayetoka damu tundu moja, nachukua CT. Kwa pug wa mwaka mmoja mwenye matundu kama nyufa, sihitaji yoyote. Pesa hiyo iende kwenye upasuaji, na kaakaa likaguliwe akiwa tayari amelala.

Mtu wa Nakuru ana nafuu ya barabara. Hospitali ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Kabete, upande wa Uthiru, kwa hiyo ukitoka Naivasha unaifikia kabla hujaingia jijini. Chuo Kikuu cha Egerton huko Njoro nao wana kitivo cha tiba ya wanyama, na kuwauliza ushauri hakugharimu zaidi ya simu. Mtu wa Kisumu ana takribani kilomita 350 hadi Nairobi, na mnyama asiyepumua vizuri kwenye gari lenye joto kupitia Ahero ni hatari inayojitegemea. Safiri usiku au alfajiri, na upige simu kwanza kujua kama mashine unayoifuata inafanya kazi siku hiyo.

Matundu ya mbele: kukata au kutunza

Hapa ndipo wengi wapo, na hapa ndipo nina msimamo.

Kutunza maana yake ni hivi: kumpunguza uzito, kumfunga mkanda wa kifuani badala ya kola ya shingoni, kumtembeza saa kumi na mbili asubuhi na si saa kumi jioni, kumwekea maji na sakafu ya baridi, na kutomwacha ndani ya gari hata kwa "nakuja sasa hivi". Uzito peke yake hufanya kazi kubwa. Mafuta hujaa kooni pia, si tumboni tu, na pug mnene akipungua utasikia tofauti kabla hujaiona. Kama mbwa wako ni mnene, anza na hilo hata kama utakata baadaye, kwa sababu mnene hustahimili nusukaputi vibaya.

Lakini kutunza hakufungui tundu. Mbwa anayevuta hewa kwenye ufa anafanya kazi ya mtu anayenyonya uji mzito kwa mrija, kila pumzi, mchana na usiku. Mvuto huo unavuta na nyama za kooni: vifuko vya zoloto hupinduka nje, kaakaa huvimba, na baada ya miaka gegedu za zoloto zenyewe hulegea na kuporomoka. Tundu lililobana kwa mbwa wa mwaka mmoja lina tiba rahisi. Zoloto iliyoporomoka kwa mbwa wa miaka sita haina. Ndiyo sababu wanaosema "tungoje tuone" huwa wanangoja upande usiofaa.

Upasuaji wenyewe ni mfupi. Daktari hukata kipande chenye umbo la kabari kwenye bawa la pua, kila upande, na kushona kwa uzi mwembamba unaoyeyuka. Hutoka damu nyingi kwa dakika chache na kuwatisha wanaotazama, kisha hukauka kwa kugandamizwa. Ipo pia njia ya zamani iliyoelezwa mwaka 1949 na daktari aitwaye Trader, ya kupunguza bawa bila kushona, ambayo baadhi huitumia kwa watoto wadogo wa Shih Tzu. Kingo hubaki na rangi ya waridi kwa muda, halafu weusi hurudi polepole. Paka wa Kiajemi wenye pua iliyodidimia hufanyiwa kazi ya namna hiyo hiyo, kwa kisu kidogo zaidi.

Umri mzuri ni miezi sita hivi na kuendelea, na ni busara kuufanya siku ile ile ya kuhasiwa au kufungwa uzazi ili kulala kuwe kumoja. Daktari amwangalie kaakaa akiwa amelala. Likiwa linafunika mlango wa zoloto hupunguzwa palepale. Hapa mkono usiwe mwepesi: likikatwa fupi mno, maji na chakula vitarudi kupitia puani maisha yake yote.

Ukitaka kipimo cha kukusaidia kuamua, Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza kimetengeneza kimoja kisichohitaji mashine. Daktari anamsikiliza mbwa kooni kwa stetoskopu, mbwa anaenda mchakamchaka kwa dakika 3, kisha anasikilizwa tena. Daraja ni 0 hadi 3. Mwaka 2019 chama cha mbwa cha huko, Kennel Club, kilianza kukitumia kwa bulldog, French Bulldog na pug. Daraja 0 na 1 huachwa na kufuatiliwa. 2 na 3 ni wagonjwa hata kama wanarusha mkia. Uwanja wowote wa shule unatosha, ila usifanye mchana wa jua.

Sasa mji nao unaingia kwenye hesabu. Mbwa hapoi kwa jasho. Anapoa kwa kutweta na kwa hewa inayopita juu ya unyevu wa pua na ulimi. Kisumu iko takribani mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, ina joto, na hewa ya ziwa imejaa unyevu kiasi kwamba kutweta hakumpozi sana. Nakuru iko karibu mita 1,850 na jioni zake zina baridi. Joto la mwili wa mbwa ni kati ya 38 na 39.2, likipita 41 viungo vinaanza kuharibika. Kwa hiyo mbwa wa daraja 1 anayekaribia 2 naweza kumtunza tu akiwa Milimani ya Nakuru. Huyo huyo akihamia Nyalenda au Kondele, ningemkata kabla ya Januari. Na akianguka kwa joto, mmwagie maji ya mfereji mwili mzima na kumpepea papo hapo, ndipo umpakie kwenye gari. Taulo lililoloa lisilale juu yake, linafungia joto.

Swali la nusukaputi, ambalo ni kubwa kuliko kisu

Kwa mbwa wa uso mfupi hatari haiko sana kwenye kukatwa. Iko kwenye dakika za kulala na, zaidi, za kuzinduka. Kliniki nyingi hulaza kwa sindano ya zailazini na ketamini bila bomba la kupumulia. Kwa mbwa koko anayefungwa uzazi mara nyingi inapita salama. Kwa pug nisingeikubali. Uliza maneno haya bila haya: Je, atawekewa bomba kooni? Mtungi wa oksijeni upo na una gesi? Ni nani atakaa naye hadi ainue kichwa mwenyewe na kulitema bomba? Anayekujibu "usijali mama, tumefanya wengi" hajakujibu.

Zailazini ina jambo jingine: huwatapisha. Tindikali ya tumbo ikipanda hadi nyuma ya pua mnyama akiwa amelala, huunguza utando laini wa hapo, na kovu lake likipona hujikunja na kuziba njia. Hiyo ni moja ya sababu zinazojulikana za kuziba nyuma ya pua, na huonekana wiki kadhaa baadaye, watu wakiwa wameshasahau upasuaji. Basi chakula kizuiliwe usiku kama ulivyoelekezwa, na mbwa mwenye mazoea ya kutapika apewe dawa ya tumbo kabla.

Hakikisha pia anayeshika kisu amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Huku magharibi kila mwenye pikipiki na kisanduku cha sindano huitwa daktari, na wengi wao ni mafundi wazuri wa kupandisha ng'ombe kwa mrija. Pua ya pug si kazi yao.

Nyuma ya pua: nyama, puto, stenti

Kwa paka mchanga, kwanza ondoa uwezekano wa nyama ya pua. Hiyo haina ubishi wa tiba: hushikwa kwa koleo mdomoni na kuvutwa polepole hadi ing'oke na shina lake, kisha paka hupewa steroidi kwa wiki chache kupunguza kurudi. Ikiwa imetokea ndani ya sikio na inarudi, huhitaji upasuaji wa kufungua kibofu cha mfupa chini ya sikio. Jicho la upande huo linaweza kusinyaa kwa siku au wiki baada ya kuvuta. Mara nyingi hurejea lenyewe, na ni vizuri kuambiwa mapema.

Kama ni utando au kovu, chaguo la kweli ni puto dhidi ya stenti.

Puto hupitishwa likiwa limenywea hadi kwenye kizuizi, hujazwa maji kwa shinikizo, hushikiliwa dakika kadhaa, hurudiwa. Paka huamka anapumua, na mwenye paka hulia machozi ya furaha. Ubaya wake ni kwamba kovu lina tabia ya kujirudia, wiki chache tu baadaye, kwa hiyo panga bajeti ya zaidi ya mara moja tangu mwanzo. Utando mwembamba wa paka hufunguka vizuri kwa puto. Kovu nene na refu la mbwa hurudi kwa wepesi zaidi.

Stenti ni kimrija cha wavu wa chuma kinachobaki humo. Hushikilia njia wazi pale puto liliposhindwa, lakini kinaleta mambo yake: nyama huota kupitia matundu ya wavu, nywele na chakula hunasa, maambukizi hukaa, na kikiwekwa nyuma mno mnyama hupata taabu kumeza. Stenti iliyofunikwa huzuia nyama kuota lakini hupenda kushika maambukizi. Kati ya puto na stenti kuna njia ya kiasi: mrija laini wa silikoni unaoshonwa kwa wiki kadhaa hadi kidonda kipone ukiwa wazi, kisha unaondolewa.

Ningeanza na puto kwa karibu kila paka. Kovu likirudi mara mbili, mrija wa silikoni. Stenti ya chuma ningeiweka mwisho, na kwa mtu anayeweza kurudi kukaguliwa bila kushindwa na nauli. Kwa mkazi wa Busia au Homa Bay hiyo si hoja ndogo: tiba inayohitaji kurudi mara nne Nairobi ni tiba ambayo haitakamilika, na kuliko kuianza na kuiacha nusu, ni afadhali kuomba mara ya kwanza puto na mrija vifanywe pamoja. Mwambie daktari wazi unakotoka. Hubadilisha mpango wake.

Kilichozibwa kabisa, bila hata tundu la sindano, hakifunguki kwa puto pekee. Hutobolewa kwanza, na lazima kitu kibaki ndani.

Na mbwa wa boma

Mbwa wa pua ndefu wa Kakamega au Molo akianza kukoroma na kutoka damu tundu moja, usiwaze kovu wala matundu. Waza saratani inayoambukizwa mbwa kwa mbwa, ile ya sehemu za siri, ambayo seli zake huhamia puani mbwa anaponusa na kulamba wenzake. Inaogopesha kuitazama na inatibika kuliko zote zilizotajwa hapa. Daktari huchukua majimaji kwa pamba au sindano, huyapaka kwenye kioo na kuyaona kwa hadubini siku hiyo hiyo. Tiba ni vinkristini ya mshipani mara moja kwa wiki, mara nyingi kwa wiki 4 hadi 8, na lazima iingie mshipani kweli maana ikivujia nje huozesha ngozi. Mkojo na kinyesi chake siku hizo usivishike bila glavu.

Mbwa anayekunywa kwenye mifereji ya mpunga ya Ahero au madimbwi ya Nyando anaweza pia kuwa na ruba puani. Mwache na kiu kidogo, kisha umwekee beseni la maji baridi karibu na pua, na mtu mwingine akae tayari na koleo. Ruba huchungulia kufuata maji, na ukimshika usimvute kwa nguvu. Shikilia tu hadi aachie mwenyewe.